Antivairasi mbili kwenye kompyuta moja, zote zinalinda muda wote: inafaa au tunajiumiza?

Baharia wa Kibodi (mleta uzi)

Habari za saa hizi wakuu.

Hili swali linarudi kila mara humu na kwenye magrupu ya WhatsApp, na majibu yanakuwa ya mkato, mmoja anasema "usiweke mbili zitagombana", mwingine anasema "mimi nina tatu na mashine inapepea", muulizaji anaondoka kama alivyokuja. Kazi yangu ni matengenezo ya kompyuta na hili jambo linakuja mezani kwangu sana, kwa hiyo leo naliandika kwa urefu, atakayechoka aweke alama aendelee kesho.

Kwanza tutenganishe vitu viwili maana vurugu zote zinaanzia hapa. Kuna programu inayokaa macho muda wote, kila faili ukiligusa inalipekua kwanza ndo linafunguka, huo ndo ulinzi wa muda wote. Halafu kuna programu iliyolala mpaka uiamshe mwenyewe, unabonyeza skani, inapekua diski, inakupa majibu, inalala tena. Hizi za kulala ukiwa nazo hata nne hazina neno, zitakula nafasi ya diski tu. Kesi yetu ni pale mbili za kukaa macho zinapoishi kwenye Windows moja.

Sasa kwa nini zigombane. Programu yoyote ikitaka kufungua faili, lile ombi haliendi moja kwa moja kwenye diski, linapita kwanza kwenye ngazi za draiva (programu ndogo za ndani) ndani kabisa ya Windows, kule kwenye kerneli. Kila antivairasi inaweka draiva yake kwenye hizo ngazi na Microsoft ndo inagawa namba za kimo, za antivairasi zinaanzia 320000 na zinaishia chini kidogo tu ya 330000. Defender, ile antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, draiva yake inaitwa WdFilter na imekaa 328010. Ukitaka kuona kwa macho yako fungua Command Prompt kama administreta, andika fltmc halafu Enter, utaletewa orodha ya draiva zote zinazosimama kati yako na mafaili yako, kila moja na namba yake.

Ukiwa na antivairasi moja, faili linasimamishwa mara moja, linapekuliwa, linapita. Ukiwa na mbili, ya kwanza inalisimamisha na kulifungua ili ilisome, ile ya pili inaona faili limefunguliwa na programu nyingine kwa hiyo nayo inataka kulipekua, yaani ni daladala moja yenye makonda wawili na kila mmoja anakudai nauli. Kwa faili moja hutaona kitu. Ila Windows ikiwaka inafungua mafaili maelfu kwa maelfu, ukiinstoli programu ni maelfu mengine, apdeti ya Windows ndo usiseme, na kama laptopu yako ni ile ya RAM 4 GB na bado ina diski ya kuzunguka (HDD) basi unabonyeza Word unaenda kuchemsha chai. Watu wanakuja kwangu wanasema mashine imezeeka inataka RAM, unakuta mashine ni nzima kabisa.

Shida ya pili inatokea siku kirusi kinapokuja kweli. Zote mbili zinakiona, zote zinakirukia, moja inakitia karantini na nyingine inabaki inalalamika imeshindwa kufuta, inakuletea onyo, unabonyeza futa, linarudi onyo lilelile. Hili unaweza kulijaribu bila hatari kwa faili la EICAR, lile la herufi 68 ambalo antivairasi zote zimekubaliana kulitambua kama kirusi wakati halina madhara yoyote. Ukilitengeneza kwenye mashine yenye mbili unaona vizuri tu zinavyonyang'anyana.

Shida ya tatu iko kwenye intaneti na hii watu wengi hawaihusishi na antivairasi. Baadhi zinafungua mawasiliano ya https katikati ili zipekue kilichomo, na ili zifanye hivyo zinaweka cheti chao kwenye kompyuta yako. Zikikaa mbili zenye tabia hiyo tovuti ya benki inagoma kufunguka, brauza inakuambia cheti hakiaminiki, wewe unapiga simu benki unawalaumu bure.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Windows yenyewe ina ofisi ya kusajili walinzi, inaitwa Windows Security Center. Ukiinstoli antivairasi ya kampuni nyingine na ikajisajili pale, Defender anaacha zamu mwenyewe. Kwa hiyo anayejisifu ana Defender na ESET zote zinalinda, mara nyingi inayolinda ni ESET peke yake, na huo ndo mpango wenyewe wa Microsoft wala hakuna kilichoharibika. Tangu apdeti kubwa ya Windows 10 ya mwaka 2016 kuna swichi ya kumwambia Defender apite mara mojamoja kuskani hata kama kuna mwingine zamu, iko ndani ya Windows Security inaitwa Periodic scanning. Hiyo nawashauri sana muiwashe, unapata jicho la pili bila ugomvi.

Sasa Malwarebytes, maana ndo inayoulizwa kuliko zote. Ilitoka 2008 na miaka yote ya mwanzo watu waliitumia kama msaidizi, antivairasi yako inakaa palepale na Malwarebytes inasafisha zile takataka za matangazo na trojani (virusi vinavyojifanya programu nzuri) ambazo antivairasi za wakati ule ziliziachia. Ule ushauri wa "weka antivairasi moja na Malwarebytes pembeni" unatokea huko, na ulikuwa ushauri mzuri kabisa. Lakini Desemba 2016 wakatoa toleo la 3 wakasema wazi sasa hii inaweza kuchukua nafasi ya antivairasi. Kwa hiyo leo ukilipia Premium inajisajili Security Center na Defender anakaa pembeni. Wanaotaka zote mbili kuna swichi kwenye mipangilio ya Malwarebytes inayohusu kujisajili Windows Security Center, hiyo swichi ukiizima, Defender anarudi kazini na Malwarebytes inaendelea na ulinzi wake. Hawa wawili nimewaona wakikaa pamoja bila matatizo makubwa, ni katika jozi chache ninazoweza kumruhusu mtu mwenye mashine yenye nguvu.

Ya bure je? Ya bure hailindi muda wote. Ukiinstoli unapewa Premium ya majaribio siku 14, zikiisha inabaki ya kuskani tu kwa mkono. Watu wengi wanaona ile ikoni pale chini wanadhani wamelindwa.

Msimamo wangu: mlinzi wa muda wote awe mmoja, wa pili awe wa kuamshwa. Karibuni tujadili, mwenye hoja tofauti ailete.

Kijana wa Bodini

Mkuu shukrani kwa uzi. Mimi ni mwanafunzi, nina Avast ya bure na AVG ya bure, nimeziweka zote ili moja ikikosa nyingine idake. Nitoe ipi?

Baharia wa Kibodi

Toa yoyote mdogo wangu maana hapo una antivairasi moja yenye majina mawili. Avast iliinunua AVG mwaka 2016 na tangu hapo injini yao ya kutambua virusi ni ileile. Faili ambalo moja haijalijua na nyingine hailijui, sasa unalipa RAM mara mbili kwa jibu lilelile.

Na hili liangalieni kabla ya kuchagua mlinzi wa pili, maana soko limebanana sana. Norton, Avast, AVG na Avira zote leo ziko chini ya kampuni moja inaitwa Gen Digital, Norton na Avast waliungana 2022. Emsisoft inatumia injini ya Bitdefender pamoja na ya kwake. Kwa hiyo ukiweka Bitdefender na Emsisoft sehemu kubwa ya unachopata ni marudio. Jicho la pili lina maana kama ni jicho la mtu mwingine.

Kwa mwanafunzi mwenye laptopu ya kawaida nisingeweka hata moja kati ya hizo. Zitoe zote mbili, Defender atarudi mwenyewe, halafu mara mojamoja skani na Malwarebytes ya bure au ESET Online Scanner. Hela hakuna inayotoka.

Mama Steshenari

Habari kaka. Mimi nina steshenari karibu na chuo, wanafunzi wanakuja na flashi zao kuprinti kutwa nzima na kila flashi ina vile virusi vya shotikati, mafolda yanapotea yanabaki vialama tu. Kijana aliyeniwekea Windows aliniwekea Kaspersky na Smadav, akasema zinakaa pamoja. Nimesoma hapo juu naogopa, niitoe Smadav?

Baharia wa Kibodi

Salama dada, pole na kazi. Usiogope, swali lako ni zuri kuliko yote maana wewe ndo uko mstari wa mbele kabisa, flashi zinazopita kwako kwa siku wengine hawazioni mwaka mzima.

Smadav ni ya Indonesia na tangu mwanzo waliitengeneza iwe ya pili, yaani ikae pamoja na antivairasi kubwa na yenyewe ishughulike zaidi na flashi. Ndo maana ilienea sana huku kwetu, tatizo la flashi la kwao na la kwetu ni moja. Haimpokonyi Kaspersky kazi kama antivairasi kamili ya pili ingefanya, kwa hiyo kama mashine haijawa nzito iache tu. Kitu kimoja tu, kuna watu wanaitoa Kaspersky wanabaki na Smadav peke yake kwa sababu ni nyepesi, hao hawana ulinzi. Hifadhi yake ya kutambua virusi ni ndogo, haikusudiwi kubeba mzigo wote.

Na hawa virusi wa shotikati nikueleze wanavyofanya kazi maana ukiwaelewa hawakusumbui tena. Zamani flashi ilikuwa ikichomekwa tu kirusi kinajiwasha chenyewe kupitia autorun, Windows 7 ikaizima hiyo kwa flashi na Februari 2011 Microsoft wakaipeleka kwa apdeti hadi kwenye XP na Vista. Waandishi wa virusi wakabadilisha mbinu, sasa kirusi kinayaficha mafolda ya mteja na kuweka shotikati zenye majina yaleyale, mteja anabonyeza "CHAPTER TWO" anadhani ni folda lake, kumbe anawasha kirusi na folda linafunguka palepale kwa hiyo hashtuki. Kirusi kinahamia kwenye mashine na flashi inayofuata inaambukizwa.

Maana yake ni kwamba hakiingii mpaka mtu abonyeze. Kwa hiyo dada fanya hivi, fungua File Explorer, kwenye View washa kuonyesha mafaili yaliyofichwa na kuonyesha vile viambishi vya mwisho vya majina ya mafaili. Ikija flashi usibonyeze kitu, bofya kulia kwenye flashi yenyewe uipige skani kwanza, ndo ufungue. Ukiona kitu kina kimshale pembeni na kinaishia na .lnk usikiguse. Mafolda ya mteja bado yapo, yamefichwa tu. Tuseme flashi yake ni herufi F, fungua Command Prompt uandike

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

usubiri kidogo, yatarudi yote. Hapo kirusi kiwe kimeshafutwa, vinginevyo kitayaficha tena.

Na ile mashine ya wateja itengenezee akaunti ya kawaida isiyo ya administreta, ya administreta uwe nayo wewe kwa nenosiri. Hilo peke yake litakusaidia kuliko antivairasi ya tatu.

Mama Steshenari

Asante sana kaka, hiyo attrib nimejaribu kwa flashi ya mteja hapa mafolda yamerudi. Ubarikiwe.

Chuma cha Pua

Mkuu nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe. Mimi natumia mbili miaka mingi, mashine yangu ni i7 ina RAM 32, sijawahi kuona huo uzito unaousema. Na ukweli ni kwamba hakuna antivairasi inayodaka asilimia mia, kwa hiyo mbili ni bora kuliko moja, hiyo ni hesabu ya darasa la tatu. Mashine zimekuwa na nguvu sasa, huo ushauri wako ni wa enzi za XP.

Baharia wa Kibodi

Mkuu hoja yako naiheshimu na nusu yake nakubaliana nayo. Ni kweli hakuna inayodaka zote, na ni kweli kwenye mashine kama yako uzito hutausikia. Ila kuna kitu hujakiweka kwenye hesabu yako.

Hizi programu haziishi juu kama Word au brauza, zinaishi kwenye kerneli. Zikikosea kule hakuna wa kuzizuia, mashine nzima inaanguka. Na zinapokea apdeti kila siku, nyingine mara kadhaa kwa siku, bila kukuuliza. Kwa hiyo kila mlinzi wa muda wote unayemuongeza unaongeza pia mlango mmoja ambao siku moja apdeti mbovu inaweza kupita.

Hii si nadharia. Tarehe 21 Aprili 2010 McAfee walituma apdeti, ile iliyoitwa DAT 5958, ikalitambua faili la svchost.exe la Windows XP kama kirusi. Svchost ni faili la Windows lenyewe, bila hilo mashine haisimami, kompyuta duniani kote zikaanza kuzima na kuwaka zenyewe bila kukoma na nyingi zikapoteza mtandao, kwa hiyo hata apdeti ya kurekebisha haikuweza kuzifikia ikabidi watu wapite mashine moja moja kwa mkono. Tarehe 27 Januari 2018 ikawa zamu ya Malwarebytes, apdeti ya ulinzi wa wavuti ikawa na kasoro, programu ikala RAM mpaka mashine zikaganda. Halafu ile ambayo hata wasio na kompyuta waliisikia, 19 Julai 2024, CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta za maofisi. Faili moja dogo la apdeti likaangusha mashine milioni 8.5 za Windows, viwanja vya ndege, hospitali, mabenki, skrini ya bluu kila mahali. Hawakushambuliwa na mtu, ni mlinzi wao mwenyewe.

Microsoft wenyewe baada ya hilo wakaanza kutengeneza njia ya antivairasi kufanya kazi nje ya kerneli, na 2025 wakaanza kuwapa kampuni za ulinzi zijaribu. Wameona tatizo liko wapi.

Sasa ile nusu yako ya kweli, kwamba moja inaweza kukosa. Inatibika bila kuweka ya pili ikae macho. Faili unalolitilia shaka lipeleke kwenye tovuti ya VirusTotal kabla hujalifungua, pale linapekuliwa na injini zaidi ya 60 kwa mpigo, bure, na inapokea hadi faili la 650 MB. Ila siri zako usizipeleke kule, mkataba wa ofisi au nakala ya kitambulisho usipandishe, kwa sababu kinachopandishwa wapo wengine wanaoweza kukipata. Na kwa mashine nzima unaskani na ya kuamshwa, kwa mfano Microsoft Safety Scanner ambayo ukiidaunlodi inafanya kazi siku 10 tu halafu unachukua mpya, hivyo haikai na taarifa za zamani. Hapo umepata macho mengi zaidi ya mawili na kwenye kerneli yuko mmoja tu.

Chuma cha Pua

Hiyo ya apdeti mbovu sikuwahi kuiwaza kwa namna hiyo. Nitabaki na mbili zangu kwa sasa maana zimezoeana, ila nimekuelewa.

Baharia wa Kibodi

Haina shida mkuu, mashine ni yako. Basi angalau zitambulishane. Kwenye Defender unaingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, unashuka mpaka Exclusions unaongeza folda la hiyo programu nyingine lililoko ndani ya Program Files. Kwenye hiyo nyingine unafanya vivyo hivyo, kwa Malwarebytes sehemu yake inaitwa Allow List, unaongeza folda la Defender lililoko C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender. Hapo hazitapekuana zenyewe kwa zenyewe. Na ulinzi wa wavuti acha uwashwe kwa moja tu.

Ila naomba wote mnisikie hapa, hizo Exclusions ziwe za folda la antivairasi tu. Nimekuta mashine watu wameweka Downloads yote, nimekuta hata C nzima. Ukiuliza kwa nini unaambiwa kuna krakii ilikuwa inazuiwa. Yaani mtu ana walinzi wawili na amewaambia wote wawili wasiangalie pale anapopitishia programu za kuvunja Windows na Office, na hizo krakii ni moja ya njia kuu za trojani za kuiba manenosiri. Antivairasi ikilia juu ya krakii msichukulie ni wivu wa Microsoft, mara nyingi inaona kitu cha kweli. Ofisi zinazohifadhi kazi za wateja kwenye Windows za kuvunja zinaniumiza sana, siku ransomware (kirusi kinachofunga mafaili na kudai hela) ikiingia hasara ni ya mteja ambaye hata hajui krakii ni nini. LibreOffice ni ya bure na inafungua mafaili ya Word, kama hela ya leseni haipo anzeni na hiyo.

Msee wa Eldy

Boss mimi niko na Kaspersky ya kulipia na Malwarebytes ya bure, niko sawa ama nitoe moja? Mashine ni HP ya 8 GB.

Baharia wa Kibodi

Uko sawa kabisa mkuu. Hakikisha tu Malwarebytes haiko kwenye zile siku 14 za majaribio, ikiwa iko zima ule ulinzi wa muda wote kwenye mipangilio au subiri ziishe. Baada ya hapo fungua Malwarebytes ukihitaji, skani, funga.

Mhasibu Mtulivu

Samahani naingia katikati. Ofisini tuliletewa laptopu mpya zina McAfee ya majaribio ndani, mtu wa IT akaweka ESET juu yake bila kutoa ile ya kwanza. Sasa kila ukifungua mfumo wa mahesabu unasubiri sana, na McAfee imeisha muda inatoa tangazo la kulipia kila saa. Nikienda kwenye orodha ya programu naitoa inasema imetoka, ila nikiwasha tena uzito ni uleule.

Baharia wa Kibodi

Ndugu hiyo ni kesi ya kila wiki. Laptopu nyingi mpya zinakuja na McAfee au Norton ya majaribio, muda ukiisha haiondoki, inabaki imeshika nafasi. Na kuitoa kwa njia ya kawaida mara nyingine kunaacha draiva nyuma. Kila kampuni imetengeneza kifaa chake cha kung'oa mizizi kwa ajili ya hilo, cha McAfee kinaitwa MCPR, Avast wana Avast Clear, Norton, ESET na Kaspersky nao wana vya kwao. Vidaunlodi kwenye tovuti ya kampuni yenyewe tu, usichukue kwenye tovuti yoyote inayojitokeza kwenye utafutaji.

Mpangilio ni huu: toa McAfee kawaida, restati, piga MCPR, restati tena. Halafu nenda Windows Security uangalie nani yuko zamu, inatakiwa iseme ESET. Kama haisemi, toa ESET uinstoli upya maana iliwekwa juu ya mwingine na huenda haikukaa vizuri. Na kwa kuwa ni mashine za ofisi mshirikishe yule wa IT kwanza, usifanye peke yako kwenye mashine yenye mahesabu ya watu.

Kijana wa Bodini

Mkuu nimetoa zote mbili, Defender amerudi na laptopu imekuwa nyepesi kweli. Swali la mwisho, mashine yangu ni Windows 10 na haikubali 11. Nimesikia imefungwa. Sasa hapo si ndo niongeze antivairasi ya pili?

Baharia wa Kibodi

Hapana, na hili ni kosa ambalo nadhani litawagharimu wengi. Windows 10 msaada wake uliisha 14 Oktoba 2025. Defender wa Windows 10 ataendelea kupata taarifa za virusi wapya mpaka Oktoba 2028, hilo Microsoft wamelisema, kwa hiyo upande wa antivairasi hujapungukiwa. Ulichopungukiwa ni viraka vya matundu ya Windows yenyewe, na antivairasi hata ziwe tatu haziwezi kushona tundu la Windows.

Kumbukeni WannaCry, ile ransomware iliyoenea duniani. Kiraka cha lile tundu Microsoft walikitoa 14 Machi 2017, shambulio likaja 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameweka kiraka, wakiwemo waliokuwa na antivairasi ndani.

Kwa hiyo wewe fanya hivi, nenda Settings, Windows Update, tafuta pale wanapokuambia ujiandikishe kwa mwaka wa nyongeza wa apdeti za usalama, unafika mpaka 13 Oktoba 2026. Ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao hulipi. Baada ya tarehe hiyo weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, laptopu ya namna yako inaipokea vizuri. Na hela uliyotaka kununulia antivairasi ya pili tafuta diski ya nje, ripoti yako ya utafiti iwe na nakala sehemu ambayo haijachomekwa kwenye kompyuta muda wote, kwa sababu ransomware inafunga na diski iliyochomekwa vilevile.

Chuma cha Pua

Mkuu nimeandika ile fltmc kwangu. Naona WdFilter, halafu kuna bindflt, CldFlt, luafv, Wof, FileInfo, na kuna aswSP na aswMonFlt wakati Avast niliitoa zamani sana. Hizi ni nini?

Baharia wa Kibodi

Bindflt, CldFlt, luafv, Wof na FileInfo ni za Windows yenyewe usiziguse. Hizo mbili zinazoanza na asw ni za Avast, kwa hiyo haikutoka yote, draiva zake bado zimesimama njiani kwenye mafaili yako. Wengine mkiona klif hiyo ni Kaspersky, eamonm ni ESET, mfehidk ni McAfee. Usijaribu kufuta faili la draiva kwa mkono kule System32, mashine inaweza isiwake. Chukua Avast Clear kwenye tovuti yao, yenyewe itakuomba iingie Safe Mode (Windows inawaka na vitu vya lazima tu), kubali, subiri imalize, halafu andika tena fltmc ulete orodha hapa tuione.